Mfalme Bob Hawezi Kurekebisha Katiba

Kuna mfalme mmoja tu wa kwenye runinga ninayemwamini, naye hajafika hata darasa la saba. Anaitwa King Bob. Yuko darasa la sita, anavaa jezi ya mpira wa magongo, fimbo yake ya enzi ni gongo lile lile la kuchezea, na kiti chake kiko juu kabisa ya vyuma vya kupandia uwanjani. Walinzi wake wawili, Jordan na Jerome, wanasimama pembeni wakingoja amri. Ukiwa na kesi, unapelekwa kwake. Ukidhulumiwa kwenye foleni ya bembea, unamlilia yeye. Kisha kengele inalia, mfalme anashuka kama walivyoshuka raia wake, na anaingia darasani kusumbuliwa na hesabu.

Katuni hiyo ni Recess, na najua wengi wenu mtaniambia kwamba mtu mzima hana kazi nayo. Nisikilizeni kwanza.

Recess ilianza kuonyeshwa tarehe 13 Septemba 1997 katika kituo cha ABC nchini Marekani, ndani ya mkusanyiko wa vipindi vya Jumamosi asubuhi vya Disney ulioitwa One Saturday Morning. Waliobuni ni Paul Germain na Joe Ansolabehere, wawili waliokuwa wamefanya kazi pamoja kwenye Rugrats, ile katuni ya watoto wachanga wanaozungumza wenyewe kwa wenyewe wakubwa wasijue. Ukiangalia vizuri utaona wamehama na wazo lao. Walitoka kwa watoto wasiojua dunia ya wakubwa wakaenda kwa watoto wanaoijua vizuri sana na wakaamua kujenga ya kwao. Kipindi kilimalizika mwaka 2001 kikiwa na sehemu 65. Idadi hiyo wala haikuja kwa bahati. Disney walikuwa na desturi ya kufunga hesabu hapo, kwa sababu sehemu 65 zinatosha siku tano za juma kwa majuma kumi na matatu, na baada ya hapo unarudia upya milele bila kumlipa mwandishi aandike kingine.

Mimi niliipata kwa njia ya Nairobi: DVD za kunakiliwa za katikati ya miaka ya 2000, diski moja ikiwa na vipande vya misimu mitatu bila mpangilio wowote, jalada likiwa na picha ya katuni nyingine kabisa. Nilikuwa nimeshamaliza shule ya msingi. Kwa hiyo niliitazama kama mtu aliyetoka nchi fulani karibuni, na hapo ndipo ilipontia kichaa, kwa sababu ile nchi niliitambua. Majengo hayakufanana na ya kwetu, chakula hakikufanana, hata kengele: yetu ilikuwa rimu ya gari iliyoning'inizwa mtini na kupigwa kwa nondo. Lakini serikali ilikuwa ile ile.

Shule yenyewe inaitwa Third Street School, na wahusika wakuu ni marafiki sita wa darasa la nne. T.J. Detweiler, mwenye kofia nyekundu aliyoigeuza nyuma, ndiye mwenye mipango. Vince LaSalle anashinda kila mchezo unaochezwa kwa mguu au mkono. Spinelli ni msichana ambaye huanza na ngumi, maelezo yakaja baadaye. Gretchen Grundler ni mwanasayansi. Gus Griswald ni mtoto wa mwanajeshi, mdogo wa umbo, aliyehamishwa shule mara nyingi kwa sababu ya kazi ya baba. Na yuko Mikey Blumberg, pandikizi la mtoto mwenye roho ya kishairi, ambaye akifungua kinywa kuimba anatoka Robert Goulet mzima, yule mwimbaji wa majukwaa mwenye sauti nzito ya kiume. Walimwajiri kweli. Mtoto wa darasa la nne anaimba kwa sauti ya mzee aliyezoea kuvaa tai ya kipepeo, na hakuna anayeshangaa sana. Huo ndio ucheshi wao: jambo la ajabu linatendeka, kisha linachukuliwa kwa uzito wote.

Vipindi vingi vya watoto vinaichukua shule kama mahali pa kufundishia somo. Mtoto anadanganya, anaumbuka, anaomba radhi, wimbo wa mwisho. Recess inauliza jambo ambalo wataalamu wa siasa wanalipwa kuliuliza: hawa watu wanatawaliwaje? Na jibu lake ni kwamba wanatawaliwa na serikali mbili kwa wakati mmoja. Ya kwanza ni ya wakubwa: mwalimu mkuu Prickly, ofisini kwake, na Miss Finster, bibi mkali wa doria ambaye kazi yake ni kuzunguka uwanjani akitafuta kosa. Ya pili ni ya watoto wenyewe, yenye mfalme, mila, mahakama, soko, majasusi na wakimbizi. Serikali ya kwanza ina nguvu zote lakini haielewi chochote kinachoendelea. Ya pili inaelewa kila kitu lakini uhai wake ni kuanzia kengele hadi kengele.

Yeyote aliyesoma historia ya utawala wa kikoloni hahitaji kuelezwa mpango huo zaidi.

Hata muziki wa mwanzo wa kipindi unakupa dokezo. Una mwendo wa gwaride, wa zile filamu za zamani za wafungwa wa vita wanaochimba handaki chini ya kambi huku mlinzi akipita juu yao. Na kweli wapo wachimbaji, watoto wawili wenye kofia za migodini ambao kazi yao maishani ni kuchimba mashimo uwanjani. Hakuna anayewauliza wanatafuta nini.

Kundi hilo la wahusika wadogo ndilo ninalolipenda kuliko wale sita. Yupo msichana wa bembea, mwenye miwani ya rubani, ambaye ndoto yake ni kuizungusha bembea mpaka ipite juu ya mhimili. Yupo msichana anayening'inia kichwa chini siku zote. Yupo mtoto mlanguzi, aliyevaa koti refu lililojaa bidhaa kwa ndani, anayeweza kukupatia chochote kwa bei yake. Wengi wao hawaitwi kwa majina. Wanaitwa kwa kazi zao, kama ilivyokuwa desturi katika miji ya kale ambako mtu alikuwa Mhunzi au Mshonaji na likaishia hapo. Tazama uwanja wowote wa shule utaona jambo hilo hilo: yule anayeleta mpira, yule wa kulia, yule anayejua kupiga mluzi wa vidole viwili. Sisi tulikuwa na kijana aliyeitwa Benki kwa sababu alikopesha mandazi kwa riba. Jina lake halisi wengi wetu tulilisikia siku ya matokeo ya mtihani.

Jina ni suala zito katika kipindi hiki, nao waliliweka mapema kabisa. Gus anapofika shuleni mara ya kwanza, uwanja unamwamulia kwamba yeye ni Mtoto Mgeni. Hana jina. Sheria ndivyo inavyosema, na atakaa hivyo mpaka aje mgeni mwingine apokee mzigo. Kinachonivutia ni kwamba hakuna anayemchukia. Hawampigi wala hawamcheki. Wanatekeleza tu utaratibu uliokuwepo kabla yao, kwa upole wa karani anayekuambia faili lako halionekani. Sehemu nzima ni vita vya kumrudishia mtoto mmoja jina lake, na Gus mwenyewe, aliyezoea kuhamahama, karibu akubali kuishi bila jina. Waandishi wa katuni walifahamu kwamba ukatili mkubwa wa uwanjani hauna haja ya ngumi.

Sheria za namna hiyo ziko kila mahali. Kuna kundi la wasichana wanne wa matajiri, wote wanaoitwa Ashley, wanaotambulishwa kwa herufi ya ukoo: Ashley A., Ashley B., Ashley Q., Ashley T. Wana ukumbi wao ndani ya rundo la matairi, wa fahari, na wakisikia jambo la aibu wanalitangaza kwa pamoja, kwa neno moja, kwa sauti moja. Siku inafichuka kwamba jina la kwanza la Spinelli, yule wa ngumi, ni Ashley. Basi kwa mujibu wa kanuni yeye ni mwenzao. Hata kama hataki, hata kama wao hawamtaki, jina limeshaamua. Nimewahi kuona watu wazima wakiingizwa katika chama cha siasa kwa mantiki hiyo hiyo, isipokuwa wao iliangaliwa herufi ya kwanza ya ukoo na mlima waliotoka.

Sasa nirudi kwa mfalme, maana hapa ndipo nina hoja.

Wamarekani walimwaga damu kumwondoa mfalme katika karne ya 18. Watoto wao wanaimbiwa jambo hilo tangu chekechea. Halafu watunzi wawili wa Kimarekani wanakaa chini kubuni serikali ya watoto, na wanachobuni ni ufalme. Hakuna kura. Hakuna mjadala wa kura. T.J., ambaye ana kipaji cha siasa kuliko wote uwanjani, hata mara moja hapangi kuuondoa ufalme wenyewe. Anabishana na hukumu, anatafuta mwanya wa sheria, anakusanya watu wapige kelele chini ya kiti cha enzi, lakini kiti chenyewe anakiacha. Nilipokuwa mdogo niliona ni kasoro. Siku hizi naona walikuwa wakweli. Watoto ni wahafidhina wakubwa. Ukitaka kujua, jaribu kubadilisha kanuni moja ya mchezo wa kati katikati ya mchezo.

Na bado ufalme huu una kifungu kimoja ambacho katiba nyingi za karibu yetu zimeshindwa kukilinda. King Bob ni mfalme kwa sababu yuko darasa la sita, na darasa la sita ndilo la mwisho. Mwaka ukiisha anaondoka. Kabla yake alikuwepo King Freddy, naye aliondoka. Hakuna bunge la kuhonga, hakuna kura ya maoni, hakuna mahakama ya kutafsiri upya maana ya neno “muhula”. Uganda iliondoa kikomo cha mihula mwaka 2005, kisha kikomo cha umri mwaka 2017. Pale Third Street kikomo cha umri hakiguswi, maana njia pekee ya kubaki madarakani ni kufeli mtihani, na hakuna mfalme atakayekubali kukumbukwa kwa hilo. Kwa hiyo Bob anatawala akijua kwamba hivi karibuni atakuwa mtoto mdogo kuliko wote katika shule nyingine. Nadhani ndiyo maana hukumu zake huwa na busara kuliko mtu anavyotarajia kwa kijana mwenye gongo mkononi.

Serikali ya wakubwa haina kikomo kama hicho, na sehemu kali kuliko zote inahusu hiyo. Inaitwa The Box. Uongozi wa shule unaleta adhabu mpya: mraba uliochorwa kwa rangi nyeupe kwenye sakafu ya uwanja. Hakuna ukuta, hakuna kamba, hakuna mlango. T.J. anaamriwa asimame ndani ya mraba ule wakati wa mapumziko. Mwanzoni anaona ni kichekesho, maana sanduku gani hili lisilo na pande? Angeweza kutoka kwa kunyanyua mguu. Lakini wenzake wanacheza hatua chache tu kutoka alipo, anawasikia, anawaona, na mstari ule wa rangi unaanza kukua kichwani mwake. Wachoraji wanaanza kupindisha picha, nyuso zinakuwa kubwa, sauti zinakuja kutoka mbali. Yule mtoto ambaye Miss Finster ameshindwa naye misimu yote anavunjwa na chokaa.

Niliirudia sehemu hiyo juzi, nikiwa na wapwa zangu sebuleni, na nilitaka kuizima. Wao waliangalia kimya. Mimi nilikuwa nawaza zile adhabu za shule za kwetu ambazo zilikuwa na kiboko, jinsi tulivyokuwa tunazisahau kufikia jioni, na ile moja ya kusimamishwa chini ya bendera wenzio wakipita, ambayo mtu hasahau. Jambo la kuongeza ni kwamba mwaka 2013 Chuo cha Madaktari wa Watoto cha Marekani kilitoa tamko rasmi kwamba mapumziko ni sehemu ya lazima ya ukuaji wa mtoto na yasinyimwe mtoto kama adhabu wala kwa visingizio vya masomo. Madaktari walifika pale walipokuwa wachora katuni miaka mingi kabla yao.

Kuna mtu mmoja anayeishi kati ya serikali hizo mbili, naye ni Randall Weems, mchongezi. Anamfuata Miss Finster kama kivuli akimnong'oneza nani kafanya nini wapi. Kipindi kinamchora vibaya makusudi, mgongo umepinda, sauti ya puani, na watazamaji tunatakiwa tumcheke. Hapo ndipo ninapodhani waandishi walikuwa na haraka. Mchongezi ni mtu wa maana sana katika utawala wowote na alistahili nafasi kubwa. Sisi tulikuwa na monita wa darasa mwenye karatasi ya wapiga kelele. Mwalimu akitoka, karatasi inatoka. Ukinong'ona unaandikwa, ukiuliza kwa nini umeandikwa unaongezewa alama ya mara mbili. Kufikia saa nne karatasi ile ilikuwa na bei: nusu andazi jina linafutwa, andazi zima linaandikwa la adui yako. Monita hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtoto wa miaka kumi aliyepewa kalamu na mtu aliyeondoka chumbani. Ningependa kuiona sehemu moja ya Recess inayomtazama Randall kwa jicho hilo kuanzia mwanzo hadi mwisho, bila kicheko.

Kasoro kubwa zaidi nitaitaja sasa maana sioni watu wakiitaja. Watoto wa chekechea katika kipindi hiki wamechorwa kama kabila la porini. Nyuso zimepakwa rangi, wanakimbia makundi makundi wakipiga mayowe, wanavamia, wanafunga mateka. Wakubwa wakitaka kupita eneo lao wanapita kwa hofu kama wapelelezi wa karne ya 19 walioishiwa na wapagazi. Kwa Mmarekani ni utani mwepesi, maana kweli watoto wa chekechea ni watu wa vurugu, na mtoto wa darasa la nne huwaona hivyo hivyo. Lakini mchoro ule haukutoka hewani. Umetoka kwenye filamu za zamani ambazo watu wa nyuso zilizopakwa rangi walikuwa na makwao halisi, na baadhi ya makwao hayo ni hapa. Nilicheka nilipokuwa kijana. Mpwa wangu mdogo, ambaye bado hajui historia ya filamu, naye alicheka, kisha akauliza mbona wale hawajui kuongea. Nikamwambia wanajua, ila hawakupewa maneno. Sehemu ambazo zinawapa maneno ni bora zaidi, lakini rangi usoni haiondoki.

Kuhusu uchumi sitasema mengi. Iko sehemu ambamo stika za mazimwi zinageuka fedha ya uwanja mzima, na T.J. anazikusanya mpaka anakuwa tajiri wa kupendeza kumchukia. Itazameni tu, hasa kama mliwahi kuweka pesa zenu kwenye mpango wowote wa kuzidisha mara mbili kwa mwezi.

Kilichonifanya niandike makala hii ni filamu. Recess: School's Out ilitoka katika majumba ya sinema ya Marekani mnamo Februari 2001. Shule imefungwa, marafiki wa T.J. wamekwenda kwenye makambi ya likizo, naye amebaki peke yake akizunguka na baiskeli. Anagundua kwamba ndani ya jengo la shule kuna watu wenye mtambo. Mkuu wao ni Phillium Benedict, aliyekuwa mwalimu mkuu wa shule hiyo hiyo mwaka 1968, ambaye alifuta mapumziko akidai alama za mitihani zitapanda. Alipinduliwa, akaenda kwenye siasa, akafika hadi kuwa waziri wa elimu, akataka kufuta mapumziko nchi nzima, akafukuzwa. Sasa amerudi na mpango wa kuusogeza mwezi kutoka kwenye njia yake ili dunia ipoe na kiangazi kisiwepo tena. Pasipo kiangazi hapana likizo, pasipo likizo watoto watasoma mwaka mzima, na alama za Marekani zitazipita za nchi nyingine.

Kichekesho, sivyo? Mwovu wa katuni anayetaka kuharibu mfumo wa jua kwa ajili ya wastani wa hesabu. Ila katika miaka hiyo hiyo ya 1990 mamlaka ya elimu ya jiji la Atlanta yalikuwa yamekwisha kufuta mapumziko katika shule zake za msingi, na shule mpya ikajengwa bila uwanja wa kuchezea. Hoja ilikuwa ile ya Benedict: alama. Na tarehe 8 Januari 2002, chini ya mwaka mmoja baada ya filamu, Rais George W. Bush alitia sahihi sheria ya No Child Left Behind, iliyozifunga shule kwenye matokeo ya mitihani ya kila mwaka. Shule zenye hofu ya kuadhibiwa zilitafuta dakika za kuongeza kwenye kusoma na hesabu, na dakika zilizokuwa rahisi kuchukua zilikuwa zile za uwanjani. Ilichukua miaka mingi mambo kuanza kugeuka. Florida, kwa mfano, ilipitisha sheria mwaka 2017 ya kuwapa watoto wa shule za msingi dakika 20 za mapumziko kila siku, baada ya kina mama kulisumbua bunge la jimbo mwaka baada ya mwaka. Wakati huo wote Finland, ambayo kila mtu alikuwa akiionea wivu kwa alama zake, ilikuwa inawatoa watoto nje dakika 15 kwa kila dakika 45 za darasani.

Ndani ya filamu ile kuna jambo ambalo mfululizo wa runinga haukuwahi kulifanya kwa kirefu. T.J. na Prickly wanafungiwa pamoja, na tunamwona mwalimu mkuu alivyokuwa mwaka 1968: mwalimu kijana aliyesimama upande wa watoto dhidi ya Benedict. Adui wa misimu yote ndiye aliyeokoa mapumziko. Sasa amekuwa na tumbo, ofisi, na dirisha la kuchungulia. Hawaongezi maelezo mengi juu ya hapo, na wamefanya vizuri.

Kuna sehemu nyingine ambayo kila ninapoifikiria nasahau kwamba ni ya Marekani. Vyuma vya kupandia vya Third Street ni vya zamani, vimeota kutu, watoto wanaviita Old Rusty. Uongozi unaamua vibomolewe. T.J. na wenzake wanapanda juu na kukataa kushuka. Hiyo tu. Watoto wamekaa juu ya vyuma, wakubwa wako chini na mashine.

Tarehe 19 Januari 2015, Nairobi, wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road walirudi shuleni baada ya mgomo wa walimu. Walipokuwa nyumbani, ukuta ulikuwa umejengwa kuwatenga na uwanja wao wa kuchezea. Kipande cha ardhi ya umma, karibu na barabara kubwa, kilikuwa kimepata mwenyewe. Wanaharakati walikuwepo, akiwemo Boniface Mwangi, lakini waliousukuma ukuta walikuwa watoto waliovaa sare. Ukuta ulianguka. Polisi wakafyatua gesi ya kutoa machozi, wakiwa na mbwa. Picha za wanafunzi wadogo wakikimbia wakiwa wameshika macho zilizunguka dunia siku hiyo hiyo, na baadhi yao walipelekwa hospitalini. Joseph Nkaissery, aliyekuwa waziri wa usalama wa ndani, aliwaomba watoto radhi kwa niaba ya serikali.

Nilipoziona picha hizo nilimkumbuka mchora katuni aliyewaza kwamba jambo kali kuliko yote ambalo serikali ya wakubwa inaweza kulifanya uwanjani ni kuchora mraba mweupe. Alikuwa ameikadiria kwa mapenzi makubwa.

Wapwa zangu wameniomba niwaonyeshe zaidi, kwa hiyo nimewapangia ratiba, na nyinyi mnaweza kuitumia. Anzeni na ile ya Gus kukosa jina, kisha ya Spinelli na akina Ashley, kisha stika. The Box iacheni hadi mzoee wahusika, na msiiangalie usiku na watoto wa chini ya miaka saba. Old Rusty baada ya hapo. Filamu ya 2001 ni ya wikendi ya mvua. Zile mbili za mwaka 2003 mnaweza kuziruka. Moja yao, All Growed Down, kwa sehemu kubwa ni vipindi vya zamani vilivyoshonwa pamoja, na watoto wa chekechea wamerudi na rangi zao.